Jirani yangu Berlin analipa nusu ya kodi yangu. Kosa ni la nani?

"Mimi ni muuguzi kutoka Tanga, nipo Berlin mwaka wa tatu. Cheti changu kimeshatambuliwa na nina kibali cha mtaalamu. Ninaishi mtaa wa Wedding, chumba na sebule ndogo, mita za mraba 42, pamoja na fanicha, kwa yuro 940 kwa mwezi bila kuhesabu joto na maji. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Huu wa pili unaisha mwezi ujao na wanataka nisaini wa tatu kwa yuro 990. Bibi wa Kijerumani ambaye mlango wake unatazamana na wangu ana vyumba vitatu, mita 71, na analipa 480. Nimetafuta nyumba nyingine mwaka mzima. Nimeomba zaidi ya mara mia na kuitwa kuangalia mara nne tu. Kazini wanasema nyumba zimekwisha kwa sababu ya wakimbizi. Rafiki yangu wa Vienna ananiita huko, mwingine ananihimiza ninunue. Nina mtoto wa miaka tisa Tanga, na nimeambiwa siwezi kumleta mpaka nipate nyumba ya vyumba viwili. Kwa nini iko hivi, na nifanye nini?"

Dada yangu, pole kwa mwaka mzima wa kuandika maombi yasiyojibiwa. Umeuliza mambo mengi, lakini nitaanza na la mwisho, kwa sababu hilo la mtoto ndilo linalokuumiza zaidi, na aliyekuambia hivyo anakupa sheria ya zamani.

Toa kadi yako ya ukaazi uiangalie. Kuna namba ya kifungu imechapishwa hapo. Kwa muuguzi aliyetambuliwa mara nyingi ni 18a. Tangu tarehe 1 Machi 2024, mwenye kibali cha aina hiyo hadaiwi tena kuthibitisha ukubwa wa nyumba anapomwita mume, mke au mtoto aliye chini ya miaka 18. Utadaiwa kuonyesha kwamba mshahara unawatosha wawili. Na kama baba wa mtoto yupo na ana haki ya malezi, utahitaji ridhaa yake kwa maandishi. Maombi yanaanzia ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam. Mita 42 kwa mama na mtoto wa miaka tisa ni finyu, lakini sheria haioni hapo msongamano, na mwenye nyumba hana mamlaka ya kukukatalia kuishi na mwanao. Unamtaarifu tu. Kama kadi yako inaonyesha kifungu kingine, hasa kile cha watu ambao bado wanasubiri cheti kutambuliwa, mambo hubadilika. Kabla ya kulipa ada yoyote, ioneshe kwa mshauri wa wahamiaji.

Sasa tuje kwa bibi wa mlango wa pili. Tupige hesabu. Yeye, 480 kwa mita 71, analipa chini kidogo ya yuro 7 kwa mita. Wewe unalipa zaidi ya 22. Ngazi ni moja, bomba la maji ni moja, mwenye nyumba huenda ni mmoja, na wewe kwa kila mita unalipa mara tatu na zaidi. Hukosei kushangaa.

Ujerumani mkataba wa kawaida wa kupanga hauna mwisho. Mwenye nyumba hawezi kukutoa bila sababu inayotambuliwa na sheria, na kwa mpangaji aliyemo ndani kodi hupanda kwa kamba fupi: Berlin ni asilimia 15 tu kwa miaka mitatu, tena isizidi wastani wa eneo. Wastani huo unachapishwa na jiji kwenye jedwali linaloitwa Mietspiegel. La mwaka 2024 lilionyesha yuro 7.21 kwa mita kwa jiji zima, kabla ya joto na maji. Mwaka huohuo nyumba zilizokuwa zikitangazwa kwa wapangaji wapya zilikuwa zaidi ya yuro 15. Kwa hiyo ndani ya Berlin kuna miji miwili. Mmoja ni wa waliosaini zamani na mwingine ni wa wanaosaini leo. Umasikini na utajiri vinahesabika, ndiyo, lakini tarehe iliyo juu ya mkataba wako ina uzito karibu sawa na mshahara wako. Mgeni, kijana anayeanza maisha, mwanamke aliyeachika, wote wanaangukia upande uleule wa tarehe.

Lakini usimchukie bibi. Nimekaa mezani na wazee wengi wa aina yake. Watoto wamehama, vyumba viwili vina makabati tu, ngazi zinamchosha magoti. Ukimwuliza kwa nini hahamii nyumba ndogo, anakutolea hesabu: chumba kimoja na nusu leo kitamgharimu kuliko vitatu alivyo navyo. Basi anabaki, na vyumba ambavyo wewe na mwanao mngevitumia vinabaki na makabati. Kasoro ya mfumo iko hapo. Hata hivyo, ukiondoa ulinzi wake leo, yeye atahamishwa pembezoni mwa mji, na nyumba yake itatangazwa kesho kwa 1,100. Wewe hutaipata kwa 480.

Pengo hili lilifikaje hapa? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Berlin ilikuwa na madeni mazito na nyumba nyingi tupu. Mwaka 2004 jiji liliuza shirika lake moja, GSW, lenye nyumba zipatazo 65,000, kwa wawekezaji wa Marekani kwa yuro milioni 405, mbali na madeni ya shirika waliyoyabeba. Gawanya mwenyewe: kama yuro 6,200 kwa nyumba. Kwa pesa hiyo leo hupati hata mita mbili za mraba. Baadaye shirika hilo likaingia kwenye kampuni kubwa za hisa, na kampuni za hisa zina wajibu kwa wenye hisa. Kisha watu wakaanza kuja. Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 3.3, ya 2022 ikahesabu milioni 3.6. Wakati huohuo riba barani Ulaya ilikaa karibu na sifuri kwa miaka mingi, na mifuko ya pensheni na ya uwekezaji ya dunia nzima ikatafuta pa kuweka fedha. Nyumba za Berlin zilikuwa bei poa. Wakazinunua.

Kuna jambo jingine ambalo hata Wajerumani wengi hawalijui vizuri. Ukisikia "nyumba za jamii" za Ujerumani, usidhani ni majengo yaliyotengwa milele kwa watu wa kipato kidogo. Ni muda. Serikali humpa mjenzi mkopo nafuu, naye hukubali kupangisha kwa bei ya chini kwa miaka kadhaa. Miaka ikiisha, nyumba ileile, ukuta uleule, inarudi sokoni kwa bei ya soko. Mwaka 2006 nchi nzima ilikuwa na nyumba za namna hiyo zaidi ya milioni mbili. Miaka 16 baadaye zilibaki kama milioni 1.1. Hazikubomolewa, isipokuwa tarehe zilifika.

Ndiyo maana hoja ya wakimbizi haisimami. Sisemi kwamba watu wakiongezeka nyumba hazipungui, hilo ni hesabu ya mtoto wa shule. Lakini tazama mfuatano: mauzo yalifanyika 2004, kodi zikaanza kupanda miaka michache baadaye, Wasyria wengi walifika 2015, Waukraine 2022. Na wengi wao hawakuingia kwenye nyumba hizo unazozitafuta. Uwanja wa zamani wa ndege wa Tegel, sehemu ya mji uleule unaoishi, uligeuzwa mwaka 2022 kuwa kambi ya maelfu ya watu, wengine wakikaa miezi na miezi, kwa sababu hakuna aliyewapangisha. Katika foleni ya nyumba wao wako nyuma yako. Tena fahamu kwamba maneno hayo ya wenzako hayaishii kwa wakimbizi. Siku usipokuwepo kwenye chumba cha chai, mgeni anayetajwa ni wewe.

Kuhusu maombi yako mia moja na kuitwa mara nne. Mwaka 2017 waandishi wa gazeti la Der Spiegel na wenzao wa redio na televisheni ya jimbo la Bavaria walituma maombi yapatayo 20,000 katika miji 10. Barua zilikuwa za Kijerumani safi, za watu wa kubuni wenye sifa sawa, na kilichobadilika ni jina tu. Wenye majina ya Kiarabu na ya Kituruki walijibiwa mara chache waziwazi kuliko wenye majina ya Kijerumani. Kwa hiyo usilale ukijiuliza barua yako ina kasoro gani. Ukipata ushahidi, kwa mfano umeambiwa nyumba imeshachukuliwa, rafiki mwenye jina la Kijerumani akapiga simu saa moja baadaye akakaribishwa, hifadhi kila kitu: saa, ujumbe, jina la mliyezungumza naye. Sheria ya 2006 inakataza ubaguzi huo, lakini inakupa miezi miwili tu ya kudai.

Naongeza hili kwa kuwa wewe ni mtu wa Tanga. Hukohuko Wedding kuna mtaa wa majina ya Kiafrika, na moja ya barabara zake ni Usambarastraße. Nyingine ilipewa jina kwa heshima ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, na mwaka 2024 sehemu yake ikabadilishwa kuwa Maji-Maji-Allee. Milima ya kwenu ina kibao barabarani, na mtoto wa milima hiyo hajibiwi barua. Naliandika hili kwa uchungu.

Majengo yenyewe yana historia ya kutenganisha watu. Nyumba nyingi za zamani za Wedding zilijengwa baada ya mpango wa mji wa 1862, jengo la mbele likitazama barabara kwa wenye nafuu, na nyuma yake ua baada ya ua kwa wafanyakazi wa viwandani. Kanuni ya 1853 ilitaka ua uwe na upana wa mita 5.34, kipimo cha kuweza kugeuza gari la zimamoto. Hewa na jua la watoto havikuwa kwenye kipimo hicho. Kama dirisha lako linatazama ua wa namna hiyo, na saa sita mchana unawasha taa, sasa unajua ni kwa nini.

Tuje kwenye yale unayoweza kufanya, na hapa naomba usome polepole.

Kuna sheria iitwayo Mietpreisbremse, yaani breki ya kodi. Berlin imeitumia tangu Juni 2015 na imeongezwa muda hadi mwisho wa 2029. Inasema mpangaji mpya asitozwe zaidi ya asilimia 10 juu ya wastani wa Mietspiegel kwa nyumba ya aina hiyo, mahali hapo. Breki hii haijifungi yenyewe. Hakuna mkaguzi atakayebisha mlango. Mpaka wewe uandike barua ya kupinga, mwenye nyumba anatoza anavyotaka na hakuna anayemuuliza.

Utaambiwa kwamba haikuhusu kwa sababu una fanicha na mkataba wa muda. Huo ndio mlango ambao wenye nyumba wengi wamejifunza kupitia, na maneno yao yana ukweli nusu. Nyumba ya matumizi ya muda mfupi kweli, kama mtu aliyekuja kwa maonyesho ya miezi miwili, iko nje ya breki. Lakini wewe unafanya kazi hospitali, umeandikisha anwani hapo, umekaa karibu miaka miwili. Fanicha peke yake haiiondoi nyumba kwenye breki. Inamruhusu mwenye nyumba kuongeza kiasi fulani, na kwa kuwa sheria haitaji kiwango, ndipo wanapojichotea. Na mkataba wa mwaka mmoja? Kwa nyumba ya kuishi, muda huo unakubalika tu kama sababu halali imeandikwa, kwa mfano mwenye nyumba anataka kuja kuishi mwenyewe au jengo litavunjwa. Bila sababu hiyo, na kama si nyumba ya muda mfupi kweli, mkataba wako huhesabiwa kuwa hauna mwisho, hata kama karatasi inasema Machi au Aprili.

Mfano wa hesabu, si ahadi. Tuseme jedwali linakupa yuro 9 kwa mita. Mara 42 ni 378. Ongeza asilimia 10, karibu 416. Hata tukiongeza yuro 100 za fanicha tunafika 516. Wewe unalipa 940. Tofauti ni 424 kila mwezi, na kwa miezi 23 inakaribia yuro 9,750. Ukipinga ndani ya miezi 30 ya mwanzo wa mkataba, unaweza kudai kilichozidi tangu siku ya kwanza. Ukichelewa, unadai kuanzia siku ya barua tu. Wewe umebakiza kama miezi saba.

Kuna vikwazo vya haki ambavyo vinaweza kuvunja dai lako. Nyumba iliyopangishwa kwa mara ya kwanza baada ya tarehe 1 Oktoba 2014 haimo. Iliyokarabatiwa yote hadi ikawa kama mpya, inapopangishwa mara ya kwanza baada ya ukarabati huo, haimo. Na kama mpangaji aliyekutangulia alikuwa akilipa zaidi kihalali, mwenye nyumba anaweza kubaki na bei hiyo. Lakini alitakiwa akuambie hayo kwa maandishi kabla hujasaini, na asipokuambia hawezi kuyatoa mfukoni baadaye kirahisi. Tafuta barua pepe za wakati ule.

Sikufichi gharama ya njia hii. Uhusiano utapoa. Anaweza kudai kwamba anaihitaji nyumba mwenyewe, nawe utakaa miezi na wasiwasi huo. Nimeona watu walioshinda wakarudishiwa maelfu, na nimeona waliochoka wakakubali punguzo la mia mbili ili walale usingizi. Njia zote mbili ni za heshima. Ninachokuomba ni usichague kwa hofu ya kufukuzwa nchini, maana kudai kodi halali hakugusi kibali chako hata kidogo.

Vienna sasa. Rafiki yako hadanganyi kuhusu mji, ila amekuacha nusu ya habari. Miaka ya 1920 jiji lile lilitoza ushuru mkali kwa nyumba za kifahari likajenga za wafanyakazi. Jengo lao la Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Mpaka leo jiji linamiliki nyumba kama 220,000 na halikuziuza hata fedha zilipobana. Mimi nikiulizwa kama Berlin ingeweza kuwa vingine, jibu langu ni Vienna. Lakini mgeni haingii humo kwa kufika: unatakiwa uwe umeandikishwa Vienna miaka miwili kwanza, na wakati huo unapanga kwa watu binafsi, mara nyingi kwa mikataba ya muda kama hii ya kwako. Kibali chako cha Ujerumani hakivuki nawe mpaka, na cheti chako cha uuguzi kitaanza safari upya. Baada ya miaka uliyoitumia kukitambulisha hapa, mimi singekushauri.

Kununua ni jibu fupi zaidi. Chukulia yuro 5,000 kwa mita: nyumba ya mita 60 ni 300,000. Ushuru wa Berlin ni asilimia 6, notari na usajili kama 2, dalali hadi 3.57. Hizo ni zaidi ya yuro 30,000 ambazo benki kwa kawaida haikopeshi, kabla ya mtaji wenyewe. Na mwenye kibali cha muda huulizwa maswali mengi. Kaa na wazo hilo mpaka upate ukaazi wa kudumu.

Njia iliyo karibu nawe zaidi ni nyumba za mashirika ya jiji, ambayo yanalazimika kutoa zaidi ya nusu ya nyumba zinazoachwa wazi kwa wenye cheti kiitwacho WBS, kinachothibitisha kwamba mapato yako hayazidi kiwango kilichowekwa. Wauguzi wengi hudhani hicho ni cha wasio na kazi. Si kweli. Berlin ilipanua kiwango cha mapato mwaka 2023, na makato ya ushuru, bima na pensheni hupunguzwa kwanza kabla ya kupimwa. Mtoto akifika kiwango kinapanda, na hapo unastahili vyumba viwili. Omba sasa. Vyama vya ushirika wa nyumba navyo vina kodi ya chini. Orodha zao nyingi zimefungwa lakini hufunguliwa kwa siku chache, kwa hiyo pitia tovuti zao kila mwezi. Na yeyote atakayekutaka utume amana kabla hujashika kitasa cha mlango, akisema yuko London na ufunguo utakuja kwa posta, ni tapeli. Amana halali haizidi kodi ya miezi mitatu na unaruhusiwa kuilipa kwa mafungu matatu.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Mkataba wako unahitaji kusomwa na mtu mwenye macho ya sheria, karatasi zikiwa mezani. Wilaya yako ina saa za ushauri wa bure kwa wapangaji. Chama cha wapangaji kinatoza ada ya mwaka na kinakuandikia barua, ingawa bima yao ya kesi huwa na miezi ya kusubiri, kwa hiyo ingia mapema. Nenda na mikataba yote miwili, risiti za benki, picha za fanicha, na barua pepe za kabla ya kuhamia. Kama Kijerumani cha ofisi kinakutisha, mchukue mtu anayekijua. Hakuna atakayekuona mjinga.

Na huo mkataba wa tatu wa 990, usiusaini kabla ya siku hiyo. Wakikupigia simu kukuharakisha, waambie unausoma, watumie barua pepe, na endelea kulipa 940 tarehe ileile unayolipa kila mwezi.